Pomboo na mnandi: yupi aliye karibu zaidi na samaki?

*"Daktari, pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Nyalenda, Kisumu, na ninauza samaki karibu na Dunga. Mwanangu wa gredi ya sita alipewa kazi ya nyumbani: alinganishe pomboo na mnandi, kisha aseme ni yupi aliye karibu zaidi na samaki. Akaandika pomboo, kwa sababu ana mapezi na mkia, hana manyoya na hatoki majini. Mwalimu akamwekea alama ya kosa na kuandika 'Wote sawa.' Mimi na baba yake tumeshindwa kumweleza. Sasa mtoto anashikilia kwamba pomboo amewahi kumwona kwa macho yake hapa ziwani, upande wa Hippo Point. Jambo lingine: kuna mnandi ambaye asubuhi tatu mfululizo nimemkuta juu ya boti ya jirani, mabawa wazi, mdomo wazi, koo linatetemeka. Mjomba wa watoto anasema huyo ni mgonjwa na auawe tu, maana hata akiwa mzima anatumalizia omena. Tumsikilize nani?"*

Mama, nianze na huyo ndege wa kwenye boti, kwa sababu kazi ya nyumbani inaweza kungoja hadi jioni lakini fimbo ya mjomba haingoji. Kwa jinsi ulivyomweleza, si mgonjwa. Kusimama mabawa wazi baada ya kutoka majini ni desturi ya kila mnandi mzima. Kule kuachama na kutetemesha koo ndiyo njia yake ya kupunguza joto. Ndege hatoi jasho, kwa hiyo hupepeza ngozi nyembamba ya koo ili unyevu utoke na joto litoke nao, sawa na mbwa anayehema juani. Dalili za ugonjwa ni nyingine, nitazitaja mwishoni. Kwa leo mwombe mjomba amwache.

Sasa mtoto na mwalimu wake. Mwalimu yuko sahihi, lakini "Wote sawa" ni jibu ambalo haliwezi kusimama bila maelezo, na mtoto wako hakuandika kwa kubahatisha. Alitazama umbo, akaona mapezi, mkia na ngozi laini, akafuata alichokiona. Hata Linnaeus, yule msomi wa Sweden aliyetuachia utaratibu wa kuwapa wanyama majina, aliwaweka nyangumi na pomboo pamoja na samaki katika maandiko yake ya mwanzo, akaja kuwahamishia kwa mamalia mwaka 1758. Kwa hiyo mwanao amekosea mahali ambapo watu wazima wenye vitabu walikosea kabla yake.

Kosa lenyewe ni la kuchanganya kufanana kwa kazi na kufanana kwa ukoo. Pale Dunga unawajua wanaume waliovuta nyavu miaka 20. Mabega yamepanuka, viganja vimekuwa vigumu kama gome, hata mwendo wao ni mmoja. Mgeni akiwaona wawili wamesimama pamoja anaweza kuuliza kama ni ndugu, kumbe mmoja katoka Usenge na mwingine katoka Teso, ni kazi tu iliyowachonga. Maji nayo huchonga viumbe. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na anayetaka kwenda kasi ndani yake hana maumbo mengi ya kuchagua: awe mwembamba mbele, mnene kati, mwembamba nyuma, tena asiwe na vitu vya kuning'inia. Pomboo amechongwa hivyo. Sangara pia. Hata mnandi akiwa chini ya maji, mabawa yamebanwa ubavuni na shingo imenyooshwa, huchukua umbo hilohilo.

Ukoo hauulizwi kwa umbo. Tunauliza: babu wenu wa pamoja ni nani, na aliishi lini? Babu wa pamoja wa pomboo na mnandi alikuwa mnyama mdogo wa nchi kavu mwenye miguu minne na mapafu, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Mababu wa mnyama huyo, wakirudishwa nyuma zaidi, ndio waliokuwa samaki. Maana yake ni kwamba kutoka majini kulifanyika kabla pomboo na mnandi hawajaachana, na wote wawili walikuwa bado mtu mmoja, kwa namna ya kusema. Chukua mfano wa nyumbani. Wewe na dada yako wa tumbo moja, nani aliye karibu zaidi na binamu wa baba yenu? Hakuna aliyemzidi mwenzake. Hata kama wewe umefanana naye pua na paji, na dada yako hakufanana naye kabisa, hesabu ya ukoo haibadiliki. Ndivyo pomboo na mnandi walivyo mbele ya ngege.

Na wewe mama una ushahidi ambao mwalimu hana darasani: kamongo. Unamjua vizuri, unajua hupanda juu kuvuta hewa, na wavuvi watakwambia kwamba kamongo akizuiwa kufika juu hufa maji ndani ya maji. Ana mapafu, na yale mapezi yake marefu kama kamba yana mfupa mmoja unaounganika na bega, ndio mpango ambao baadaye ulizaa mkono na mguu. Kati ya samaki wote walio hai leo, jamii ya kamongo ndiyo iliyo karibu zaidi na wanyama wa miguu minne na kizazi chao chote, ndege na watu wakiwemo. Kwa ukoo, kamongo yuko karibu zaidi na pomboo, na mnandi, na wewe unayemuuza, kuliko alivyo karibu na ngege aliyelala naye kwenye karai moja. Mtoto akiambiwa "karibu na samaki" anapaswa kuuliza kwanza, samaki yupi? Sisi huita samaki kila kinachoogelea kwa mapezi, na kwa biashara na jikoni neno hilo linatutosha. Kwa ukoo halitoshi.

Basi ndugu wa pomboo ni nani? Mnamsikia akikoroma usiku kutoka hukohuko Hippo Point. Kati ya wanyama wote walio hai ambao si nyangumi wala pomboo, aliye karibu zaidi na pomboo ni kiboko. Uchunguzi wa vinasaba ndio uliolisema hilo kwanza kwa nguvu. Kisha mwaka 2001 ikatangazwa mifupa ya vifundo vya nyangumi wa kale iliyochimbwa Pakistan, walioishi karibu miaka milioni 50 iliyopita na bado walikuwa na miguu. Kile kifundo chao kina umbo la kapi pande mbili, sawa na kifundo unachokiona ukila mguu wa mbuzi. Umbo hilo wanalo mbuzi, swala, nguruwe, ng'ombe na kiboko.

Naye mnandi? Ndugu yake yupo ziwani pia, lakini si mwenye manyoya: ni mamba. Ndege wote walitokana na dainosari waliokuwa wakitembea kwa miguu miwili, na kati ya wanyama walio hai leo, mamba na jamii yake ndio walio karibu zaidi na ndege. Kwa hiyo ukisimama ufukoni mnandi akiwa juu ya boti, unamwona ndugu wa mamba. Mgongo wa kiboko ukiinuka nyuma yake, huyo ni ndugu wa pomboo aliyebaki ziwani. Ningefurahi kama mwanao angechora picha hiyo na kuipeleka shuleni.

Ukoo huo unaonekana kwenye mwili ukijua pa kutazama. Tazama mkia. Samaki hupiga mkia kushoto na kulia, na pezi la mkia wake limesimama wima. Mkia wa pomboo umelala kama sinia, naye huupiga juu na chini. Sababu ni kwamba uti wa mgongo wa mamalia hukunjwa kwa kuinama na kunyooka. Mtazame mbwa akikimbia kwa kasi, mgongo wake hujikunja na kujinyoosha vilevile. Pomboo anaogelea kwa mgongo wa mkimbiaji. Ndani ya pezi lake la ubavuni kuna mfupa wa mkono wa juu, miwili ya mkono wa chini, kiganja na vidole. Bawa la mnandi, ukiondoa manyoya na nyama, lina mifupa ileile ya mkono, ila vidole vimepungua na kuunganika. Miguu ya nyuma ya pomboo imepotea, lakini mimba yake ikiwa changa huota vichipukizi vya miguu ambavyo baadaye hurudi ndani, na pomboo mzima hubaki na vijifupa viwili vya nyonga vilivyofichika kwenye nyama.

Sasa nirudi kwa mnandi, maana hapa ndipo watu wengi hudanganyika, na mimi mwenyewe sijachoka kumtazama.

Utasikia ikisemwa kwamba mnandi huanika mabawa kwa sababu hana mafuta ya kujipaka kama bata. Si kweli. Tezi ya mafuta anayo, iko juu ya mkia kama ya kuku, na huitumia. Tofauti iko kwenye unyoya wenyewe. Unyoya wa bata umesukwa kwa kubana kote, maji hayapenyi, na chini yake hewa nyingi hukwama. Hewa hiyo humfanya bata aelee kama boya, na ndiyo sababu akitaka kitu cha chini hubinua makalio juu na kufikia pale shingo inapoishia. Unyoya wa mnandi umebana sehemu ya kati tu. Kingo zake zimelegea na hulowa. Kulowa kwa kingo kunaifukuza hewa iliyokwama, na bila hewa hiyo mnandi huzama kwa urahisi. Ile sehemu ya kati hubaki kavu na kumwekea utando mwembamba wa hewa karibu na ngozi, asife kwa baridi. Akitoka nje hulazimika kuanika zile kingo. Kwa hiyo mabawa yale wazi ni malipo ya uwezo wake wa kupiga mbizi. Lugha yetu yenyewe ina ndege aitwaye mbizi, jirani wa mnandi mwenye shingo ya nyoka na mdomo ulionyooka kama mkuki, naye pia huanika mabawa vilevile. Usimchanganye na mnandi, ambaye mdomo wake una ndoano nchani.

Pomboo alilitatua tatizo hilohilo kwa njia ya mbali kabisa. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi karibu mara 25 kuliko hewa. Pomboo hana unyoya wala nywele za kumkinga (mtoto wake huzaliwa na vinywele vichache mdomoni, kisha vinadondoka), bali amevaa tabaka nene la mafuta chini ya ngozi. Mafuta hayo hayahitaji kuanikwa. Anaweza kukaa majini maisha yake yote, yanayoweza kupita miaka 40. Mnandi ana mafuta kidogo sana, kwa hiyo huingia, huvua haraka, hutoka, hukauka, huota jua. Mnandi ni mvuvi anayerudi nyumbani kila siku. Pomboo alihama, na nyumba ya zamani haimfai tena: akikwama nchi kavu, mafuta yaleyale humpasha joto kupita kiasi na uzito wake mwenyewe hukandamiza mapafu.

Pomboo ninayemsema hapa ni yule wa pwani yetu ambaye wataalamu humwita Tursiops aduncus, wa Shimoni, Wasini na Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Hufika mita mbili na nusu hivi, na uzito wake unaweza kupita kilo 200. Mnandi mkubwa, mwenye kifua cheupe, ana kilo mbili au tatu. Yule mdogo mwenye mkia mrefu na macho mekundu, ambaye pia ni wengi hapa ziwani, ana karibu nusu kilo tu.

Wote wawili hubana pumzi, lakini hawabani sawa. Pomboo hupumua kwa tundu lililo juu ya kichwa, pua iliyohama, na kwa pumzi moja hubadilisha karibu asilimia 80 ya hewa ya mapafu, kitu ambacho mimi na wewe tukiwa tumetulia hatukikaribii. Oksijeni nyingi huiweka kwenye damu na kwenye misuli, ikishikwa na protini iitwayo mayoglobini, ndiyo maana nyama ya misuli yake ni nyeusi. Kwa kawaida hukaa chini dakika chache. Mnandi hana tundu juu ya kichwa. Ajabu ni kwamba akishakua, matundu ya nje ya pua yake huziba kabisa, naye hupumua kwa mdomo. Mapafu yake ni ya ndege, yana vifuko vya hewa vilivyotapakaa mwilini, na hewa hupita ndani ya mapafu kwa kwenda upande mmoja badala ya kuingia na kurudi njia ileile. Ni mapafu mazuri ajabu kwa kuruka. Chini ya maji hayampi muda mrefu: nusu dakika hivi, na mara chache hupita dakika moja.

Kuogelea, pomboo hutumia mkia na kwa mbio fupi hupita kilomita 30 kwa saa. Mnandi hupiga miguu yote miwili kwa pamoja, na miguu hiyo imekaa nyuma sana. Ngozi imeunganisha vidole vyote vinne, wakati bata ana vitatu tu vilivyounganishwa. Ndiyo sababu nchi kavu anatembea kwa taabu, na kwa nini akitaka kuruka kutoka majini lazima apige mbio juu ya maji kwanza.

Kuhusu kutafuta samaki, niseme kwa ufupi. Pomboo huona kwa masikio. Hutoa sauti za kugongagonga kupitia donge la mafuta kwenye paji la uso, kisha husikiliza mwangwi kwa mfupa wa taya la chini uliojaa mafuta, hivyo hata maji yakiwa machafu humjua samaki alipo. Mnandi hutegemea macho, na lenzi ya jicho lake hubanwa kwa nguvu ili aone chini ya maji. Kwenye maji ya Ghuba la Winam, yenye tope na gugu maji, haoni mbali. Huvua akiwa karibu kumgusa samaki.

Watoto wao nao wanatofautiana sana. Pomboo hubeba mimba karibu mwaka mzima, huzaa mmoja, na huweza kumnyonyesha miaka mitatu au zaidi. Mnandi hutaga mayai matatu au manne, na mume na mke huyaatamia kwa zamu wakiyapasha joto kwa nyayo. Baada ya karibu mwezi mmoja hutoka makinda yasiyo na hata unyoya. Kinda hula kwa kuingiza kichwa chote kooni mwa mzazi.

Nije kwa pomboo aliyeonekana Hippo Point. Mtoto hasemi uongo, kuna kitu alikiona. Lakini Ziwa Victoria halina pomboo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na anayetaka kufika kutoka baharini kwa mto Nile atapambana na maporomoko mengi, yakiwemo yale ya Murchison kule Uganda. Tena ziwa lenyewe lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa upya. Pomboo wa maji baridi wapo duniani, katika mto Amazon na katika mito Ganges na Indus, ila hao walibadilika kwa muda mrefu sana. Huyu wa Shimoni akikaa majuma katika maji yasiyo na chumvi, ngozi yake huota vidonda.

Hata hivyo mwambie mwanao jambo hili, atalipenda: mwaka 1964 kule Loperot, Turkana, kilichimbwa kichwa cha nyangumi mwenye mdomo mrefu, jamaa wa pomboo, aliyekufa miaka milioni 17 iliyopita. Mahali hapo leo pako zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini. Alipanda na mto wakati nchi yetu ilikuwa bado tambarare na chini, kabla ardhi haijainuka. Kwa hiyo jamaa wa pomboo amewahi kufika bara. Aliyemwona mwanao Hippo Point, nadhani, ni fisi maji. Huogelea akiinuka na kuzama, mgongo unang'aa, na akiwa na wenzake mgongo baada ya mgongo huonekana kama pomboo kabisa.

Mnandi hakuhitaji mto. Ziwa Nakuru halikuwa na samaki hadi walipoletwa wadogo kutoka Magadi, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki walipoongezeka, minandi na mwari wakafika kwa mabawa yao. Leo utawaona pale wamejaa juu ya migunga iliyokufa baada ya maji ya ziwa kupanda.

Sasa niongee na mjomba, kwa heshima. Mnandi anakula samaki, hilo sibishi. Yule mkubwa anaweza kumaliza karibu nusu kilo kwa siku. Huharibu nyavu mara nyingine, na kinyesi chake huua miti anayolala. Lakini omena wengi mnaowauza huvuliwa usiku, mbali na ufuko, kwa taa. Mnandi huvua mchana, karibu na nchi kavu na matete, na anachokipata zaidi ni fulu na samaki wadogo wa polepole. Kumuua mmoja wa kwenye boti hakutaongeza hata kikombe kimoja cha omena. Tena Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda, na sitaki mjomba aingie matatani kwa ajili ya ndege mwenye kuota jua.

Kuna jambo linalowaunganisha pomboo na mnandi kuliko yote niliyoyataja, na linaniuma. Wote huvuta hewa, kwa hiyo wote hufa kwenye nyavu. Samaki wengi wakinaswa bado huweza kupumua kwa muda humohumo majini. Mnandi akinaswa ana nusu dakika. Pomboo akinaswa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa pwani, ana dakika chache, naye huzitumia kupigana. Nimewahi kusimama ufukoni kule Kusini mwa Pwani juu ya pomboo jike aliyetolewa kwenye nyavu asubuhi, bila jeraha lolote ila alama za uzi kwenye pezi. Maziwa yalikuwa yanatoka. Katika mto Yangtze, China, walikuwepo pomboo wa maji baridi. Mwaka 2006 watafiti walipita mto huo wasimpate hata mmoja, na nyavu na ndoano ni sehemu kubwa ya sababu. Mnapofua nyavu kuukuu pale Dunga, zile zilizochakaa msizitupe ziwani. Huendelea kuvua bila mwenyewe.

Dalili za kumtilia shaka mnandi ni hizi: haondoki hata ukimkaribia hatua mbili, bawa moja limening'inia chini ya jingine, shingo imelegea hawezi kuinua kichwa, anazunguka au kutetemeka mwili wote (si koo peke yake), au uzi wa ndoano unaonekana mdomoni. Akiwa na uzi, usiuvute, ndoano inaweza kuwa imeshika tumboni. Ukate ubaki urefu wa shibiri moja ili atakayemhudumia aupate. Usimshike mikono mitupu. Mrushie shuka au gunia safi, mdhibiti kichwa kwanza kwa sababu hulenga macho, na umweke kwenye katoni yenye matundu, kivulini. Usimzibe mdomo kwa kamba wala mpira: nimeshakwambia pua yake imeziba. Kisha mpelekee taarifa afisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, aliye karibu. Kwenu ni rahisi, wako pale kwenye Hifadhi ya Impala, karibu na Dunga. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja kwa siku moja au mbili, watoto wasiwaguse, kuku wako uwafungie, na uripoti siku hiyohiyo kwa KWS na kwa daktari wa mifugo wa kaunti, kwa sababu yapo maradhi ya ndege yanayoweza kumfikia kuku na hata binadamu.

Huyu wa jirani yako nadhani atakuwa ameruka kabla ya saa tano. Mwanao amsubiri arudi majini, ahesabu sekunde kila anapozama, mara kumi, aandike namba zote kwenye daftari. Akimaliza, aziweke mbele ya mwalimu pamoja na mchoro wa kamongo.